Makro Iliyorekodiwa Vizuri: Itazame Inapoanza, Inavyotembea na Inapotua

Mhasibu wa SACCO akipewa orodha ya wanachama iliyotolewa kwenye mfumo wa zamani, mara nyingi huikuta imeshuka yote kwenye safu moja: jina, chini yake namba ya simu, chini yake mchango wa mwezi, kisha mstari mtupu, halafu jina la mwanachama anayefuata. Anachotaka yeye ni mstari mmoja kwa kila mwanachama. Kukata na kubandika kwa mkono, jina baada ya jina, ni kazi ya kuchosha, na mkono ukichoka, simu ya mtu huishia kwa mwenzake. Excel inaweza kuirekodi kazi hiyo ukiifanya mara moja, kisha ikairudia kila unapobonyeza vitufe ulivyoichagulia. Rekodi hiyo ndiyo makro.

Kurekodi makro hakuhitaji kujua kuandika programu. Kurekodi makro nzuri ni ufundi, na ufundi huo una alama zake ambazo mtu anaweza kujifunza kuzitambua. Msingi wa alama zote ni mmoja: makro haipimwi mahali iliporekodiwa, kwa sababu pale kila makro hufanya kazi. Hupimwa kwenye mistari ambayo aliyeirekodi hakuwahi kuigusa.

Inavyotaja seli

Ukiuliza nyumba, mtu anaweza kukupa namba ya kiwanja, au akakwambia, "Kutoka hapo uliposimama, shuka nyumba mbili, kisha kata kulia." Namba ya kiwanja itakufikisha nyumba ileile popote utokapo. Maelekezo ya pili yanategemea umesimama wapi. Excel ina njia hizo zote mbili. Ukiiacha kama ilivyo, hurekodi kwa namba ya kiwanja, yaani anwani thabiti: seli A2 ni A2 daima. Ukibonyeza kitufe cha Use Relative References, kilichopo kwenye kichupo cha Developer na pia chini ya Macros kwenye kichupo cha View, huanza kurekodi kwa kuhesabu hatua kutoka seli uliyosimama, yaani kwa anwani tegemezi.

Tofauti hiyo inaonekana wazi ukifungua msimbo kwa Alt+F11. Kushuka seli moja kwa anwani thabiti huandikwa hivi:

Range("A2").Select

Hatua ileile kwa anwani tegemezi huandikwa hivi:

ActiveCell.Offset(1, 0).Range("A1").Select

Kwenye mabano ya Offset, namba ya kwanza ni mistari na ya pili ni safu. Chanya ni kushuka au kwenda kulia. Hasi ni kupanda au kwenda kushoto. Ile Range("A1") ya mwishoni huwatisha wengi, wakidhani makro inarudi juu kabisa ya karatasi. Hairudi. Hapo A1 ina maana ya seli ya kwanza ya mahali ulipofika, basi.

Makro ya orodha yetu ikiwa imejaa Range("A2") na Range("A3"), ikatae hapohapo. Itampanga mwanachama wa kwanza vizuri, na ukiiita mara ya pili itarudi kwake badala ya kwenda kwa wa pili.

Ya kudumu yabaki ya kudumu

Isidhaniwe kwamba kadiri Offset zinavyokuwa nyingi ndivyo makro inavyokuwa bora. Vipo vitu visivyohama: tarehe ya ripoti iliyo B1, kiwango cha kubadilisha fedha, kichwa cha jedwali. Hivyo vinastahili anwani thabiti. Kitufe cha Use Relative References kinaweza kuwashwa na kuzimwa katikati ya kurekodi, na hapo ndipo utamjua mrekodi mzoefu: msimbo wake unachanganya njia mbili, kila moja mahali pake.

Mfano mzuri ni kutafuta mstari wa kwanza ulio mtupu chini ya jedwali ili kuongeza rekodi mpya. Mrekodi huzima kitufe, huenda seli A1048576, ambayo ni ya mwisho ya safu A tangu toleo la 2007, na hubonyeza Ctrl na mshale wa juu ili apande hadi seli ya mwisho yenye kitu. Kisha huwasha kitufe na kushuka hatua moja. Hatua ya kwanza ni thabiti, ya mwisho ni tegemezi, na makro hiyo itapata mahali pake jedwali likiwa na mistari 10 au 10,000, mradi safu hiyo haina kitu kingine chini ya jedwali.

Inavyovuka umbali

Kwa kubonyeza mara moja Ctrl na mshale wa chini unafika mwisho wa data, na kwenye msimbo utaona Selection.End(xlDown). Ni njia nzuri ikiwa safu haina pengo. Ikikuta seli tupu katikati, huishia juu ya pengo hilo na kudhani imefika. Chini ya seli uliyosimama pasipokuwa na kitu kabisa, hutumbukia mpaka mstari wa 1,048,576, na hatua inayofuata ya kushuka huleta kosa namba 1004. Kwa hiyo ukiona xlDown, tazama safu inayotumika: je, ni safu isiyoachwa wazi kamwe, kama namba ya mwanachama, au ni safu ya maoni inayojazwa mara mojamoja?

Jumla nayo ina mtego wake, na huu ndio unaowadhuru watu zaidi. Umerekodi ukibonyeza AutoSum chini ya mistari 10, na msimbo ukaandika "=SUM(R[-10]C:R[-1]C)". Maana yake ni kujumlisha kuanzia seli iliyo juu kwa hatua 10 hadi iliyo juu kwa hatua moja. Mwezi ujao wanachama wakiwa 15, makro itajumlisha 10 wa mwisho na kuwaacha watano wa juu. Hakuna onyo litakalotokea. Jumla itakaa pale, imepigiwa mstari, ikiwa pungufu. Kwa hiyo kwenye makro yenye jumla, jambo la kwanza la kutafuta ni namba hiyo ndani ya mabano ya mraba. Ikiwa urefu wa data hubadilika, makro hiyo haijakamilika, hata kama hatua nyingine zote ni safi.

Inapotua

Makro ya kurudiwa inatakiwa imalizie mahali ambapo mzunguko unaofuata unaanzia. Hili linaweza kuhakikiwa kwa kalamu, bila hata kuiendesha: jumlisha namba za Offset.

Turudi kwa orodha ya SACCO. Umesimama kwenye jina. Unashuka moja, unakata simu: (1, 0). Unapanda moja na kwenda kulia moja, unabandika: (-1, 1). Unashuka mbili na kurudi kushoto moja, unakata mchango: (2, -1). Unapanda mbili na kwenda kulia mbili, unabandika: (-2, 2). Unashuka moja na kurudi kushoto mbili: (1, -2). Hapo unachagua mistari mitatu mizima kuanzia uliposimama na kuifuta.

Jumla ya mistari: 1, -1, 2, -2 na 1 ni 1. Jumla ya safu: 0, 1, -1, 2 na -2 ni 0. Kwa hiyo makro inaishia mstari mmoja chini, kwenye safu ileile, na kwa kuwa mistari mitatu imefutwa, hapo ndipo jina linalofuata limepanda na kukaa. Bonyeza tena, naye anapangwa. Jumla ya safu ingekuwa 2, makro ingekuwa inatambaa kuelekea kulia kila mzunguko, na kila mwanachama angepangwa vibaya kuliko aliyemtangulia.

Umbo la data

Kinasa cha Excel kinarekodi matendo, hakirekodi "kama". Hakiwezi kujua kwamba mwanachama fulani hana simu. Mstari wa simu ukiwepo lakini ukiwa mtupu, hakuna shida. Mstari wenyewe ukikosekana, tazama kinachotokea: mchango unahamia safu ya simu, mstari mtupu unahamia safu ya mchango, kisha kati ya mistari mitatu inayofutwa, wa tatu ni jina la jirani. Jina hilo limepotea, na makro sasa imesimama kwenye simu ya mtu asiye na jina. Kuanzia hapo hadi chini, kila kitu kimehama.

Hivyo anayepima makro lazima apime na data yake. Kila mwanachama ana mistari minne ileile? Kama sivyo, sawazisha data kwanza, au mpe kazi hiyo mtu wa kuandika msimbo kwa mkono. Kuikubali makro nzuri kwa data isiyo na umbo moja ni uamuzi mbovu.

Usafi

Yapo mambo madogo yanayoonyesha mkono uliotulia. Mistari ya ActiveWindow.ScrollRow iliyopangana ni dalili kwamba mrekodi alikuwa akisogeza karatasi juu na chini huku akitafuta njia; haidhuru matokeo, lakini yaonyesha hatua hazikufanyiwa mazoezi kabla ya kurekodi. Jina kama Macro7 halimwambii mtu kitu. PangaWanachama linasema kazi yake. Sehemu ya maelezo itaje makro ianzishwe ukiwa umesimama seli gani, kwa sababu anwani tegemezi bila mahali pa kuanzia ni kubahatisha. Na ufupisho wa vitufe usinyang'anye kazi za kila siku: ukiipa makro Ctrl+c, kunakili kwa vitufe hivyo kutakoma muda wote faili hilo likiwa wazi. Tumia Ctrl+Shift na herufi.

Kwenye programu nyingine alama hubadilika kidogo. Google Sheets huuliza aina ya anwani mara tu unapoanza kurekodi. LibreOffice Calc, ambako kinasa lazima kiruhusiwe kwanza kwenye mipangilio ya hali ya juu, hutofautisha kwa mkono wako: ukibofya seli kwa kipanya hurekodi anwani yake kamili, ukitumia mishale ya kibodi hurekodi hatua. Huko, makro njema ya kurudiwa ni ile iliyorekodiwa kwa kibodi.

Kuijaribu

Hifadhi faili kabla ya yote, kisha fanyia kazi nakala. Makro ikishabadilisha karatasi, Ctrl+Z haitakurudisha ulikotoka. Iendeshe hatua kwa hatua kwa F8, dirisha la msimbo likiwa kando ya karatasi, uone kila mstari unafanya nini. Kisha ianzishe sehemu tatu: mwanzo wa orodha, katikati, na kwa mwanachama wa mwisho. Baadaye ianzishe makusudi mahali pasipofaa. Makro inayopanda juu ya seli iliyoanzia, ikianzishwa mstari wa kwanza, itasimama na kosa 1004, na hilo ni jema, kwa sababu limekwambia. Mwisho hesabu majina kabla na baada, na ulinganishe jumla ya michango na ya orodha ya awali.

Ukiridhika, ihifadhi kwenye faili la .xlsm, maana .xlsx halibebi makro, au kwenye Personal Macro Workbook ikiwa utaihitaji katika mafaili mengi. Makro uliyoletewa na mtu mwingine isome yote kabla ya kuiruhusu. Tangu 2022 Microsoft imekuwa ikizuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, na kizuizi hicho kisiondolewe kwa mazoea.

Kati ya makro mbili, moja inayosimama na kulalamika ikikuta jambo geni, na nyingine inayopita kimya hadi mwisho, chagua inayolalamika. Michango ya watu ikiwa ndani ya karatasi, kosa unaloliona unaweza kulirekebisha siku hiyohiyo. Usiloliona litasomwa kwenye mkutano mkuu kama hesabu sahihi.