Kinubi na Ulimi: Mwimbaji wa Kinubi cha Kiselti na Suala la Matini katika Fasihi Simulizi

Anapotajwa mwimbaji apigaye kinubi, fikira za wengi wetu humwelekea Daudi wa Zaburi. Makala haya yanamhusu fanani mwingine, yule anayeimba huku akipiga kinubi cha Kiselti, kinubi kidogo ambacho asili yake ni Ayalandi na Uskoti na ambacho katika karne ya 20 kilifufuliwa pia huko Brittany, Ufaransa. Hatukusudii kueleza historia yote ya ala hii. Tunakusudia kuuliza swali linalomkabili kila mhakiki wa fasihi simulizi: je, matini ya wimbo ni nini? Ni maneno, ni mahadhi, au ni kitu cha tatu kinachozaliwa pale tu ulimi na vidole vinapokutana? Tunashikilia kwamba ni hicho cha tatu, na kwamba historia ya kinubi hiki inaonyesha hasara inayopatikana mkusanyaji anapokipuuza.

Yafaa tuanze kwa kusahihisha dhana moja. Aghalabu hudhaniwa kwamba mtu mmoja kuimba na kupiga kinubi ndiyo desturi kongwe ya Waselti. Katika nyumba za mabwana wa Kigaeli wa Ayalandi, kazi hiyo iligawanywa. Mshairi alitunga, mghani akalitongoa shairi mbele ya bwana, na mpiga kinubi akamsindikiza. Mfumo huo uliporomoka pamoja na mabwana wenyewe katika karne ya 17, na fanani akabaki peke yake barabarani. Turlough O'Carolan (1670-1738), aliyepofushwa na ndui akiwa kijana, ndiye mfano mashuhuri. Alizunguka kwa farasi kutoka kwa mfadhili mmoja hadi mwingine, na inasimuliwa kwamba alitunga mahadhi kwanza, kisha maneno. Kwa hiyo umoja wa sauti na kinubi katika nafsi moja ulizaliwa na uhaba, wala haukuwa alama ya utukufu wa kale.

Mnamo Julai 1792 wapiga kinubi wachache waliosalia waliitwa Belfast. Edward Bunting, kijana wa miaka 19 aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa, aliajiriwa kuandika mahadhi yao, akaagizwa asiongeze hata noti moja. Miongoni mwao alikuwamo mzee Denis Hempson, kipofu, ambaye peke yake alipiga nyuzi za waya kwa kucha kwa namna ya kale. Nyuzi hizo hulia kwa muda mrefu. Mpigaji asipozizima kwa vidole vyake, mlio hurundikana na kuyameza maneno. Ustadi wa kunyamazisha ulikuwa sehemu ya utunzi.

Je, Bunting alihifadhi nini? Kitabu chake cha 1796 kilikuwa na mahadhi 66 yaliyopangwa kwa ajili ya piano, bila maneno ya Kiairishi. Mwaka 1802 Patrick Lynch alitumwa Connacht kukusanya maneno hayo, lakini kitabu cha pili cha Bunting, cha 1809, kilipotoka, baadhi ya mahadhi yalivishwa mashairi ya Kiingereza. Maneno ya Lynch yalibaki katika hati za mkono. Thomas Moore naye, kuanzia 1808, alichota mahadhi kwa Bunting na kuyatungia mashairi yake ya Kiingereza yaliyopendwa mno sebuleni mwa matajiri. Hatudai kwamba Bunting alikosa uaminifu, maana bila yeye tungekuwa na machache sana. Tunachodai ni kwamba alitii agizo la kutoongeza noti huku akiondoa ulimi mzima.

Waimbaji wa karne ya 20 wanaweza kusomwa kama majibu kwa pengo hilo. Mary O'Hara, aliyezaliwa Sligo mwaka 1935, aliimba kwa Kiairishi, Kigaeli cha Uskoti na Kiingereza huku akijipigia kinubi kidogo. Kinubi cha aina hiyo mlio wake hufifia mapema kuliko ule wa waya, na O'Hara anautumia ufifiaji huo vyema: anaiacha ala inyamaze ili neno libaki uchi. Udhaifu wake, kwa maoni yetu, ni usafi uliopita kiasi, kwani vilio na mizaha huvaa sauti ileile tulivu.

Alan Stivell wa Brittany anajibu kwa namna nyingine. Baba yake, Jord Cochevelou, alimtengenezea kinubi mnamo 1953. Albamu yake ya 1971 iliyotangaza ufufuo wa kinubi ni ya ala kwa sehemu kubwa. Mwaka uliofuata, katika ukumbi wa Olympia mjini Paris, aliimba kwa Kibretoni pamoja na magitaa ya umeme na ngoma. Uzito wa tendo hilo hautokani na kinubi pekee. Watoto wa Brittany waliwahi kuvishwa kitu cha aibu shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi, maana Ngugi wa Thiong'o alisimulia adhabu ya aina hiyo hapa kwetu mwaka 1986.

Loreena McKennitt wa Kanada anazua tatizo jingine. Mwaka 1991 alirekodi shairi refu la Mwingereza Tennyson, "The Lady of Shalott". Mahadhi yanayorudiwa ubeti baada ya ubeti yanaturejeshea vina ambavyo jicho huvipita. Lakini kioo kinapopasuka, mahadhi kimsingi ni yaleyale, na msiba unapita kama ubeti mwingine tu. Kinubi hakitoshi kulifanya shairi kuwa la Kiselti.

Tangu mjadala wa 1968 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, fasihi simulizi imepata nafasi katika mitaala yetu. Hata hivyo, wanafunzi wetu hurudi kutoka nyanjani na kosa lililo kinyume cha lile la Bunting: wanaleta maneno ya mpiga nyatiti, tena katika tafsiri, bila uzi hata mmoja. Bunting aliacha ulimi, nasi tunaacha vidole. Katika hali zote mbili fanani hayupo ukurasani, na mhakiki anabaki akitathmini nusu ya kazi akidhani ni nzima.