Deni la Nyumbani Baada ya Talaka: Ni la Nani?

Wazee wanapokaa kugawa vyombo baada ya talaka, iwe Kilwa Kivinje au Lindi mjini, husikika kauli hii: mlikula pamoja, basi lipeni pamoja. Ina sura ya uadilifu, ndiyo maana hupita bila kuhojiwa. Kifiqhi haina miguu.

Watu wa pwani hii ni Mashafii, na Ibn Battuta aliwakuta hivyo alipofika Kilwa mwaka 1331. Katika madhehebu hayo ndoa haichanganyi mali. Mali ya mke ni yake, ya mume ni yake, na deni ni la aliyelikopa. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inamtaka mdaiwa mwenyewe ndiye atamke kiasi anachodaiwa. Mwenzi wake wa ndoa hakutajwa.

Hapo ndipo kauli ya wazee inapodhulumu. Mke aliyekopa unga na mafuta ya taa dukani kwa kuwa mume hakuacha matumizi, kwa mwenye duka yeye ni mdaiwa. Lakini nafaqa isiyotolewa ni deni juu ya mume, na kwa Mashafii huthibiti hata bila hukumu ya kadhi, tofauti na Mahanafi. Kumwambia alipe nusu ni kumlipisha haki yake mwenyewe. (Mahari iliyobaki nayo ni deni, ingawa siku hiyo kila mtu huisahau.)

La vikoba ni gumu zaidi. Mke anatia saini, fedha zinanunua mashine ya boti ya mume. Kikundi kitamdai mke. Je, alimkopesha mume au alimpa? Akimkopesha, anamdai. Akimpa na mume akapokea, hana la kudai. Na kama mume ndiye aliyekopa na mke alidhamini tu, mwenye deni ana hiari ya kumshika yeyote kati yao. Mke akilipa atarejea kwa mume, maadamu alidhamini kwa idhini yake. Talaka haifuti dhamana. Mtume (S.A.W.) alijizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipolibeba.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama katika kugawa mali iangalie madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya wote wawili. Tusiilaumu kwa isilolisema: inapima baina ya wanandoa, haimwondolei mkopeshaji haki yake kwa aliyetia saini.

Tunalolikosoa ni hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Inasifiwa, na inastahili, kwa kuzihesabu kazi za nyumbani kuwa mchango. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu: ilionekana fedha alizopewa na mumewe aanzishe biashara ya familia alizitapanya. Mahakama ilikuwa ikifasiri Sheria ya Ndoa, si fiqhi. Hata hivyo wanandoa wale walikuwa Waislamu, na swali la fiqhi lilistahili kuulizwa. Fedha zile zilikuwa nini? Zikiwa hiba, ni zake hata zikipotea. Zikiwa mtaji wa mudharaba, hasara ni ya mwenye mtaji isipokuwa mfanyaji amezembea au amevuka mipaka. Zikiwa mkopo, anadaiwa kiasi kile kile, si zaidi, na mchango wake unahesabiwa mbali. Neno "kutapanya" liliyafunika yote matatu.