Heko kwa wavuvi wa mshipi

Ukitoka na rafiki aliyekulia kwenye ngalawa, utajua uvuvi wa mshipi si kazi ya kubahatisha. Sahibu yangu wa Nungwi hana mashine ya kupima kina. Huulinganisha mnara wa taa na minazi ya pwani, akashusha tanga, akatia nanga. Mwamba uko chini yetu. Mshipi huupitisha juu ya kidole cha shahada. Chubwi ikigusa chini huinua kidogo, akangoja. Changu hudonoadonoa chambo cha ngisi, chewa huvuta kwa uzito mmoja, naye humtaja samaki kabla hajaonekana. (Nilidhani ni majigambo, mpaka changu akapanda.) Wanaolalamikia bei mnadani wangejaribu asubuhi moja tu ya kusi, mawimbi yakiyapiga matengo. Heko, nahodha!