Imla, Tahajia na Dai la Kwamba Kiswahili Huandikwa Kinavyotamkwa

Miongoni mwa sifa wanazoitolea lugha ya Kiswahili watetezi wake, hapana iliyokaririwa kuliko ile isemayo kwamba lugha hii huandikwa kama inavyotamkwa. Aghalabu sifa hiyo hutajwa kwa kulinganishwa na Kiingereza, lugha ambayo wenyewe huifanyia mashindano ya kuendeleza maneno herufi kwa herufi mbele ya halaiki. Hoja huwa fupi: washindanao ni wenye taabu, Kiswahili hakina taabu hiyo, basi tahajia yake si jambo la kushughulisha akili. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ina ukweli mwingi. Iliyobaki haina, na madhara yake yamo katika madaftari ya wanafunzi.

Mashindano ya Marekani ndiyo yajulikanayo zaidi. Asili yake ni kitabu cha Noah Webster cha mwaka 1783, kilichowafunza vizazi vya watoto wa nchi hiyo kusoma na kuendeleza maneno. Shindano la kitaifa lilianza mwaka 1925 mjini Washington, watoto 9 wakapambana, na Frank Neuhauser akashinda kwa neno gladiolus. Mtoto husomewa neno, huruhusiwa kuuliza maana yake, asili yake na matumizi yake katika sentensi, kisha hulitaja herufi moja baada ya nyingine, bila ruhusa ya kuibadili herufi aliyokwisha kuitaja. Uwezekano wa mchezo huu umo katika pengo lililopo baina ya mdomo na karatasi. Vitabu vilianza kupigwa chapa Uingereza mwaka 1476, wakati irabu za Kiingereza zingali zinageuka. Maandishi yakaelekea kuganda, ulimi ukaendelea na safari yake. Herufi k na gh za neno knight zilikuwa zikitamkwa hapo kale. Siku hizi ni alama za kaburi. Ndiyo maana swali la asili ya neno lina faida kubwa kwa mshindani: ajuaye kwamba neno limetoka kwa Wayunani hutazamia ph mahali pa f. Kinachopimwa basi si sikio, bali ujuzi wa historia ya lugha uliohifadhiwa na kumbukumbu yenye nguvu ajabu. Mwaka 2019 washindi walikuwa 8 kwa mpigo, kwa kuwa maneno magumu ya kuwatenganisha yalikuwa yamekwisha.

Lakini mwamuzi wa yote hayo ni nani? Mwaka 2013 neno la ushindi lilikuwa knaidel, jina la donge la chakula cha Wayahudi. Neno hilo ni la Kiyidi, na Kiyidi huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Palitokea mabishano mara moja, maana wapo wajuzi wa Kiyidi ambao huliandika neno hilo kwa herufi za Kilatini kwa namna nyingine kabisa. Ushindi haukutenguliwa, kwa sababu sheria ya shindano ni kamusi ya Merriam-Webster, na kamusi ilikuwa imekwisha kuamua. Nukta hii itahitajiwa tena hapa chini.

Wafaransa hawataji herufi. Wao husomewa kifungu kizima na kukiandika. Husimuliwa kwamba mwaka 1857 Prosper Mérimée aliwasomea imla watu wa kasri, na Mfalme Napoleon wa Tatu akafanya makosa 75. Masimulizi hayo huenda yametiwa chumvi, lakini Bernard Pivot alipoanzisha mashindano yake mwaka 1985, yaliyodumu hadi 2005, alifuata mtindo ule ule, na watu wazima wakaketi kuandika kama watoto wa shule. Sababu ya mtindo huo imo katika sarufi. Vitenzi chante, chantes na chantent hutamkwa sawasawa. Asiyejua mtenda ni nani hawezi kujua herufi za mwisho. Neno moja peke yake, likitolewa nje ya sentensi, lisingepima kitu hicho. Nao Wachina, ambao maandishi yao hayaendelezwi kwa alfabeti, walipoanzisha shindano la televisheni mwaka 2013 waliwataka vijana waandike maumbo yenyewe kwa mkono. Kila lugha, kwa hiyo, huweka shindano pale ilipo taabu yake.

Taabu ya Kiswahili iko wapi? Kwa karne kadhaa lugha hii iliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo kwa desturi zilikuwa na alama moja kwa i na e, na nyingine moja kwa u na o. Kiti na kete viliweza kuandikwa namna moja. Katika hati hizo mzigo ulimwangukia msomaji kuliko mwandishi: ilimpasa alijue neno kabla ya kulisoma. Hata mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walikuwa wangali wakipendekeza namna ya kuzikamilisha hati hizo zitosheleze sauti zote za Kiswahili.

Herufi za Kilatini ziliondoa taabu hiyo, zikaacha nyingine. Baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 na kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930, tahajia iliyosanifishwa ilifuata Kiunguja. Msemaji wa Kimvita hutenga kaa la moto na kaa wa pwani kwa mpumuo wa sauti k. Tahajia sanifu haimwonyeshi tofauti hiyo. Isemwapo kwamba Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, haina budi kuulizwa: kinavyotamkwa na nani?

Swali hilo lina uzito mkubwa zaidi barani. Kikuyu hakina l katika sauti zake, na Kijaluo hakina z wala sh. Mtoto aliyelelewa katika lugha hizo huambiwa aandike anavyosikia, naye hutii: huandika kura badala ya kula, au samba badala ya shamba. Kisha hupigiwa mkasi wa wino mwekundu, kana kwamba amezembea. Shindano la mtindo wa Marekani likihamishiwa kwenye Kiswahili litazidisha jambo hilo. Msoma maneno akitamka zana kwa dhana, au samani kwa thamani, mtoto atakayeendeleza sawasawa kile alichosikia ataondoka jukwaani, na aliyekosea atabaki na orodha mkononi. Hilo litakuwa shindano la lafudhi, na ushindi wake utakuwa umekwisha kugawanywa na mahali pa kuzaliwa.

Taabu ya pili haisikiki kabisa, nayo ndiyo kubwa: ni mahali pa kukata maneno. Nakusoma na na kusoma ni sauti ile ile. Katika "Nakusoma kila wiki gazetini" pana neno moja lenye mtenda na mtendwa. Katika "anapenda kucheza na kusoma" pana maneno mawili. Hakuna sikio linaloweza kuamua hapo, huamua sarufi. Vivyo hivyo wanafunzi huandika alipo kuja, kwasababu, ni litaka, nao hawana kasoro yoyote ya masikio. Ushahidi wa wazi zaidi umetoka Kongo. Historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa kwa Kiswahili mwaka 1965 na André Yav, na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, haifuati tahajia sanifu wala mipaka yake ya maneno. Ili kuielewa, Fabian alihitaji isomwe kwa sauti na msemaji wa Kiswahili cha huko. Macho yalishindwa mahali ambapo sikio lilifaulu, na makosa ya herufi pekee yasingeleta kizuizi kikubwa kiasi hicho.

Ikiwa ndivyo, imla ya sentensi, ambayo shule za Afrika Mashariki zimeizoea tangu zamani na ambayo siku hizi wengine huiona ni ya kikale, inakifaa Kiswahili kuliko kutaja herufi jukwaani. Imla humlazimisha mwanafunzi kuchanganua anapoandika, kama imla ya Wafaransa, ijapokuwa kwa sababu nyingine: upatanisho wa Kiswahili husikika wazi, mipaka ya maneno haisikiki. Tena imla humpa mtoto wa Kijaluo muktadha wa kumwongoza pale sauti inapomhadaa, kwa maana hapana amwagaye mbegu katika samba.

Hata hivyo mwalimu wa imla hawezi kusahihisha bila sheria, na hapa ndipo kisa cha knaidel kinaporudi. Wamarekani wamekubali kamusi moja iwe hakimu. Katika Kiswahili, mtu huyu huandika ndiyo na yule ndio kwa maana ile ile ya kukubali. Mwambao wapo waandikao khabari na kheri, ilhali barani ni habari na heri. Mwalimu mmoja hukata kwa hivyo mara mbili na jirani yake huunganisha. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 na zilizoifuata zimetoa hukumu kuhusu maneno yaliyo vidahizo. Kuhusu vifungu vya maneno, ambamo ndimo mkato unamogombaniwa, kamusi haina pa kuviweka, na mwanafunzi hutiwa alama kwa kadiri ya mazoea ya aliyeshika kalamu.