Fundi wa Kuonyesha

Karibu miaka elfu mbili iliyopita Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyekuwa pia kuhani wa Apollo huko Delphi, aliandika mazungumzo ya watu wanaopanda njia ya hekalu wakimtembeza mgeni. Waongoza wageni wa mahali hapo, anasema, walitoa maelezo yao yote waliyoyazoea, jiwe baada ya jiwe, maandishi baada ya maandishi, ingawa waliombwa wafupishe. Baadaye kidogo Pausanias, aliyeizunguka Ugiriki na kuacha vitabu kumi vya maelezo, aliwasema waongoza wa Argos: wao wenyewe walijua kwamba si yote wanayoyasimulia ni kweli, lakini waliendelea kuyasimulia, maana watu hawaachi kwa urahisi wanachokiamini.

Kusema kila kitu, na kusema kisichokuwa kweli. Hivyo ndivyo vishawishi viwili vya kazi hii mpaka leo. Nimetembezwa magofu ya Ugiriki na mama mmoja aliyevikwepa vyote viwili, siku baada ya siku, na tangu hapo nimekuwa nikiufikiria ufundi wake kuliko hata mawe yenyewe.

Kwanza jambo moja la kawaida, kwa sababu lina faida. Ugiriki si kila ajuaye historia anaruhusiwa kuongoza wageni ndani ya magofu. Lazima awe na leseni ya serikali, na nyuma ya leseni hiyo kuna masomo: akiolojia, historia, sanaa ya kanisa la Bizanti, hekaya, na ziara za mafunzo kwenye maeneo yenyewe. Dereva anayekuchukua hotelini, hata kama ana maarifa tele, hukuacha langoni. Kwa hiyo anayepanga safari ya binafsi ya siku kadhaa na aulize mapema: bei hii ni ya mwongoza mwenye leseni siku zote, au ni ya gari na dereva? Wapo wanaoigundua tofauti hiyo wakiwa tayari wamesimama kwenye magofu ya Mycenae na karatasi ya ramani mkononi.

Sisi tulikuwa wachache, gari moja tu, na yeye tulikuwa naye mwanzo mpaka mwisho. Kanuni yake ya kwanza niliing'amua njiani kabla hajaitamka. Wafalme, vita, miaka, nani alimzaa nani: hayo yote aliyasema ndani ya gari, au hakuyasema kabisa. Tukishashuka, alizungumzia tu kile anachoweza kukinyooshea kidole. Inaonekana ni jambo dogo, lakini angalia vikundi vikubwa vinavyosimamishwa juani nusu saa kusikiliza habari za Vita vya Troya huku wakilipa kisogo lile walilolipia nauli kuja kuliona.

Mycenae alitusimamisha kwenye njia inayopanda kuelekea Lango la Simba, hatua kadhaa kabla ya kulifikia, akauliza swali moja. Lile jiwe kubwa juu ya mlango, linabeba nini?

Ni linta, kama wanavyosema mafundi waashi wetu, jiwe moja linalokadiriwa kuwa na tani 20, lililowekwa pale karibu mwaka 1250 KK. Jibu la haraka ni kwamba linabeba ukuta wote ulio juu yake. Akatuacha tuangalie. Ukitazama kwa utulivu unaona kwamba ukuta unalikwepa. Kila upande mawe yamepangwa kwa kuchomoza, la juu likitokeza kidogo kuliko la chini yake, mpaka pande mbili zinakaribiana juu na kuacha uwazi wa pembetatu. Uzito unashuka pembeni, kwenye miimo ya mlango. Uwazi uliobaki umezibwa kwa bamba jembamba zaidi, na kwenye bamba hilo ndiko walikochongwa wale wanyama wawili maarufu, ambao vichwa vyao havipo tena. Duniani kote watu wanawajua simba wa Mycenae. Wachache wanajua kwamba kazi yao ni kuziba tundu.

Hakutueleza zaidi ya hapo. Baada ya kuizunguka ngome alitushusha hadi kwenye kaburi linaloitwa Hazina ya Atreus, lililochimbwa ndani ya kilima, chumba cha duara chenye kuba la urefu wa mita 13 hivi, mawe yake yamepangwa kwa kuchomoza vilevile, safari hii kwa mviringo. Linta ya ndani inakadiriwa kufikia tani 120. Akasimama, akanyamaza. Ni mwenzetu mmoja aliyetazama juu ya mlango na kupaza sauti: "Pale simba wametoka!" Ndivyo ilivyo. Juu ya linta kuna pembetatu tupu, bamba lake halipo, na ule uwazi ambao langoni ulifichwa na mchongo hapa uko wazi. Yule mama alitikisa kichwa kukubali, basi. Alikuwa ameipanga asubuhi nzima ili sisi tulione wenyewe. Angelisema yeye, tungekuwa tumelisahau kabla ya chakula cha mchana.

Jina la Agamemnon, mfalme wa Mycenae katika hekaya za Vita vya Troya, alilitaja mara moja, akaahidi kulirudia Athens.

Epidaurus ndipo kishawishi cha pili kinapomngoja kila mwongoza. Ukumbi wa maonyesho wa huko, wa karne ya 4 KK, una safu 55 za viti vya mawe ya chokaa, 34 za chini na 21 za juu zilizoongezwa baadaye, na sifa zake za sauti zimeenea dunia nzima. Katikati ya duara la chini wageni hupanga foleni. Huyu anadondosha sarafu, yule anachana karatasi, mwingine ananong'ona, na mwongoza wao anawaapia kwamba safu ya mwisho wamesikia kila kitu. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha ufundi cha Eindhoven, Uholanzi, walitoa matokeo ya vipimo vyao. Mlio wa sarafu unafika juu, lakini kutambua kwamba ni sarafu hakuwezekani kila mahali, na mnong'ono haufiki kwenye viti vya mwisho. Kinachofika, na kueleweka, ni sauti ya mtu anayesema kwa nguvu, kama msemaji wa jukwaani.

Yeye hakudondosha sarafu. Alitutuma tupande mpaka safu ya juu kabisa, jambo ambalo miguu ililalamikia, kisha akasimama katikati na kusema kwa sauti kamili, kama mtu anayehutubia. Tulisikia kila silabi. Ndipo akatuambia habari za vipimo vile. Wajenzi wale walijenga kwa ajili ya mwigizaji aliyepaza sauti mbele ya maelfu ya watu, na hilo walilifaulu kabisa. Sarafu ni mchezo wa wageni. Nilifurahi kwa namna ambayo hekaya isingenipa, kwa kuwa kazi halisi ya mafundi wale inatosha kustaajabisha bila kuongezewa chumvi.

Olympia nitaipita upesi, ingawa yeye hakuipita upesi. Nguzo za hekalu la Zeus ziliangushwa na matetemeko ya ardhi katika karne ya 6 BK, na pingili zake zimelala ubavuni, zimepangana kama vipande vya muhogo uliokatwa. Alituambia tusogeze uso mpaka karibu kugusa. Jiwe limejaa makombe ya baharini! Hekalu lile kuu lilijengwa kwa jiwe la huko huko, duni na lenye matundu, likapakwa lipu nyeupe ili ling'ae kama marumaru. Kisha, kabla ya kupita chini ya tao kuingia uwanja wa mbio, alitukawiza kwenye misingi ya sanamu za shaba za Zeus zilizogharamiwa kwa faini za wanamichezo waliofanya hila. Kila mshindani alilazimika kupita mbele yake. Ndipo akawaachia wenye nguvu zao wakimbie zile mita 192 za uwanja.

Kwenda Delphi gari huvuka daraja la Rio–Antirrio, lililofunguliwa mwaka 2004, lenye urefu wa mita 2,880. Nguzo zake zimewekwa juu ya tabaka la kokoto sakafuni mwa bahari, zisifungwe, ili ardhi ikitetemeka ziweze kuteleza kidogo badala ya kuvunjika. Hilo alilisema kwa sentensi mbili akarudi kunyamaza. Sikuelewa mara moja kwamba lilikuwa ni lile lile swali la Mycenae: uzito unakwenda wapi.

Delphi ndipo alipokawia zaidi, na si hekaluni. Chini ya hekalu la Apollo kuna ukuta wa kuzuia udongo, wa karne ya 6 KK, ambao mawe yake yamechongwa kwa mistari ya kupinda na kuingiliana kwa usahihi kiasi kwamba hupati nafasi ya kupitisha kisu. Wengi huupiga picha kwa sababu ya mishono hiyo. Alitusogeza karibu, akasubiri jua likae upande, na hapo uso wote wa ukuta ukajaa herufi, ndogo ndogo, mamia ya maandishi. Ni hati za kuachwa huru kwa watumwa. Mtumwa "anauzwa" kwa mungu Apollo, bei inatajwa kwa mina, kipimo cha kale cha fedha, wadhamini na mashahidi wanaandikwa majina, na kuanzia siku hiyo ni mtu huru. Baadhi ya hati zina sharti: akae na bwana wake mpaka bwana afe. Alituchagulia moja tu, akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari bila kugusa jiwe, akitupa maana yake. Waongoza wa Plutarch wangesoma zote. Kwa mtu wa pwani yetu, mwenye kumbukumbu za masoko ya watumwa ya Unguja na Bagamoyo, moja inatosha sana, na moyo hautulii upesi.

Safari nyingi huanza na Athens kwa kuwa ndege hutua huko. Yeye aliiweka mwisho. Katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, mbele ya barakoa ya dhahabu ambayo Heinrich Schliemann aliichimba Mycenae mwaka 1876, na ambayo huitwa ya Agamemnon, alitimiza ahadi yake kuhusu Agamemnon: barakoa ni ya karne ya 16 KK, kwa hiyo imeutangulia kwa karne kadhaa wakati ambao Wagiriki wa kale waliuhesabu kuwa wa Vita vya Troya. Uso ule ni wa mwingine, tusiyemjua jina. Alituonyesha matundu madogo karibu na masikio, na kope zilizofungwa.

Kisha Akropoli. Wote tulitaka kukimbilia Parthenon. Yeye alitusimamisha langoni, Propylaea, jengo la msanifu Mnesikles, lililoanzwa mwaka 437 KK na kuachwa bila kukamilika mwaka 432 KK, vita na Sparta vikiwa vimekaribia. Kwenye kuta bado kuna vinundu vya mawe ambavyo mafundi walivibakiza kwa ajili ya kazi ya kuyanyanyua, na ambavyo vingechongwa na kusawazishwa mwishoni. Mwisho haukufika, vinundu vimebaki. Halafu akatuelekeza kwenye dari ya ndani na kutoa mchoro mkobani. Boriti za dari ya marumaru zilitua katikati ya linta, pale zilipo dhaifu zaidi. Mnesikles alichonga mfereji juu ya zile linta, akalaza humo pao za chuma, na chini ya kila pao akaacha nafasi ili chuma kipinde kidogo na kuupeleka uzito kwenye nguzo.

Miaka mia nane hivi inalitenganisha lango lile na la Mycenae. Hakuyalinganisha. Alikunja mchoro wake, akauliza kama kuna mwenye swali, na safari hii maswali yalikuwa yetu: ni nafasi kiasi gani chini ya pao, chuma kilipataje kutu, kwa nini fundi hakurudia pembetatu. Alijibu moja baada ya jingine mpaka walinzi walipoanza kuwatoa watu.