Ubia Usio na Mwenyewe: Tahakiki ya Hoja ya Kupanua Mapato ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi

Hoja tunayotaka kuichambua imekuwa ikirudiwa sana katika semina na taarifa za wataalamu wa elimu. Inasema kwamba Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vinadhoofika kwa sababu vinategemea fungu moja, yaani fedha za Serikali, na kwamba dawa ni mbili: ubia na mashirika na makampuni, pamoja na utetezi, maana yake kuwashawishi wenye uwezo wafungue mifuko yao. Hatuikatai hoja hii moja kwa moja, kwani nyumba ya nguzo moja ni ya hatari. Lakini inaishia pale ambapo ingepaswa kuanza. Chuo ni cha nani? Na anayeleta fedha, anazileta kwa masharti ya nani?

Historia inatusaidia hapa. Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975, wakati ambapo kampeni za elimu ya watu wazima, kama ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, zilikuwa zimekwisha kuamsha vijiji. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 40 alihitaji mahali pa kuendelea, apate ufundi, kilimo bora na elimu ya siasa, kisha arudi kijijini kwake. Vikajengwa vyuo zaidi ya 50, vingine katika majengo ya vyuo vya zamani vya wakulima. Fikra ilitoka Sweden, na sehemu kubwa ya msaada pia.

Sasa tutazame jambo ambalo wapenzi wa ubia hawalisemi. Huko Sweden vyuo vya aina hii vilianza mwaka 1868, na waanzilishi wake walikuwa wakulima. Baadaye vikaongezeka vile vya vyama vya wafanyakazi, vyama vya kupinga ulevi na makanisa huru. Chuo cha Brunnsvik, kilichofunguliwa mwaka 1906, kililelewa na harakati za wafanyakazi. Wenye chuo walikuwapo kwanza, ruzuku ya dola ikafuata. Na mpaka leo ni ruzuku hiyo inayobeba mzigo mkubwa, wala mwanafunzi hatozwi ada ya masomo. Ni dhahiri basi kwamba nguzo kuu hata huko ni kodi. Utetezi uliofanyika ulikuwa siasa ya umma uliojipanga, haukuwa barua ya mkuu wa chuo ya kuomba msaada.

Sisi tulichukua nini? Tulichukua majengo, mitaala na jina. Mwenyewe hatukumchukua, maana mwenyewe hachukuliki. Chuo kikawa idara ya Serikali yenye mfadhili wa kigeni nyuma yake. Msaada huo ulipokoma katika miaka ya 1990, vyuo vilibaki kama yatima, vikahamishwa kutoka wizara ya elimu kwenda wizara ya maendeleo ya jamii, na katika miaka ya 2010 vikarudishwa tena elimu. Katika safari zote hizo haikuwapo jumuiya yenye nguvu ya kusimama na kusema: hiki ni chetu. Sisi makada hatuwezi kujitoa katika lawama hiyo. Tulihubiri Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, halafu tukaifanya iwe shamba la mahindi la kulisha bweni.

Katika hali kama hiyo, chuo kinapoambiwa kitafute wabia, kinakwenda sokoni bila mwenyewe. Kampuni itataka mafundi wa mashine zake, na hilo si kosa lake, ndiyo kazi ya kampuni. Mradi utataka taarifa kila robo mwaka. Mkuu wa chuo aliyeajiriwa kuelimisha wananchi atamaliza siku zake akiandika maombi ya fedha, na kozi zitafuata maombi.

Tusidharau lakini ubia wenye maana. Mpango wa Elimu Haina Mwisho umewarudisha darasani wasichana walioacha shule, wengi wao kwa sababu ya ujauzito, na watoto wao wakalelewa hapo hapo chuoni mama akiwa karakana. Hiyo ni kazi ya kimapinduzi, ingawa wengine wataona neno hili ni kubwa mno kwa chumba cha kulelea watoto. Swali letu ni dogo: siku mradi ukifungwa, mlezi wa watoto wale atalipwa kutoka fungu gani? Ikiwa halmashauri ya wilaya haina jibu, binti yule amekopeshwa haki yake, hakupewa.

Na utetezi ulenge mahali palipo na fedha za umma. Waajiri nchini hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi kutokana na mishahara wanayolipa. Sehemu ya tozo hiyo imetumika kugharimia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Hatuna ugomvi na wanafunzi hao. Ni watoto wa wananchi, na baadhi yao wanasoma kurasa hizi. Lakini anayejifunza kuchomelea vyuma au kushona nguo katika chuo cha wilayani ndiye hasa aliyetajwa na jina la tozo yenyewe. Dai hili ni halali kuliko ombi lolote kwa mfadhili, nalo ni la diwani, la mbunge, la chama cha ushirika na la tawi la Chama. Mkuu wa chuo peke yake halimuwezi.

Tunapendekeza makada wa kila wilaya yenye chuo waanze na kazi moja inayoweza kufanyika wiki hii. Waombe orodha ya wajumbe wa bodi ya chuo, wahesabu ni wangapi waliopelekwa pale na vijiji, na wangapi wameingia kwa vyeo vyao ofisini.