Sam Mangwana katika OK Jazz: njiwa na mti wake

Mtu akisikia neno mila, anawaza kwanza ngoma, mahari na matanga. Lakini hata orkestra iko na mila yake: nani anaongoza, nani anafuata, nani anaondoka na kwa njia gani. Kwa hiyo nimechagua kuandika juu ya Sam Mangwana na miaka yake kama mitatu katika OK Jazz ya Franco. Watu walimpa jina la « pigeon voyageur », ni kusema njiwa msafiri. Wengine walilisema kwa kumsifu, wengine kwa kumlaumu. Mimi nauliza: njiwa huyu alitupatia nini, na nani alibaki akilinda mti alipokuwa akiruka?

1. Njia aliyopita

Mangwana alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1945, mama yake akiwa mtu wa Angola. Alianza kazi ya muziki akiwa kijana, mwaka wa 1963, katika African Fiesta ya Nico na Rochereau. Hakukaa. Alipita katika makundi mengine, mwaka wa 1968 akawa kati ya watu wa Festival des Maquisards, tena akarudi kwa Rochereau. Halafu, mwaka wa 1972, akaingia OK Jazz.

Jambo hili halikuwa dogo. Rumba yetu ilikuwa na njia mbili: ile ya African Jazz, ambamo Rochereau alikomalia, na ile ya Franco. Mtu hakuhama toka moja kwenda nyingine kama mwenye kubadilisha shati. Upande mmoja waliona usaliti. Upande wa pili waliuliza kama sauti ile laini itaweza kukaa juu ya gitari ngumu ya Franco. Ni kusema, Mangwana aliingia nyumba ambamo si wote walimfungulia mlango kwa furaha.

2. Sauti na mtunzi

Jibu lilitoka katika nyimbo zenyewe. Sikilizeni « Ebale ya Zaïre » ya mwaka wa 1974, ao « Mabele », neno la Lingala lenye maana ya udongo. Katika « Mabele » Mangwana haonyeshi nguvu za koo. Anaimba pole pole, kila neno linasikika, sawa mtu anayezungumza na wafiwa usiku. Hata asiyejua Lingala vizuri anasikia kama kuko jambo zito.

Lakini hapa watu wengi wanasahau kitu. Nyimbo hizo mbili si za Mangwana. Zilitungwa na Simaro Lutumba, mpiga gitari aliyeingia OK Jazz mwaka wa 1961, na ambaye alikuwa angali humo siku Franco alipokufa mwaka wa 1989. Miaka makumi mbili na nane! Waimbaji waliingia, wakatoka, yeye alibaki na kalamu yake na gitari yake. Kwa maoni yangu, sauti ya njiwa ilifika mahali pa juu kabisa ilipokuta maneno ya mtu asiyehama. Tunamsifu mwenye mabawa, na mti tunausahau.

3. Tumlaumu?

Mwaka wa 1975 Mangwana akaondoka tena. Alirudi kidogo kwa Rochereau, kisha akaenda Afrika ya Magharibi, na huko Abidjan akawa na African All Stars. Wazee wanasema: mtembezi hula miguu yake. Lakini tuseme ukweli wote. Katika orkestra nyingi za wakati ule, gitari, mikro, ampli, hata jina la kundi, vilikuwa mali ya mkubwa mmoja. Mwimbaji alikuwa na koo yake tu. Akitaka feza nzuri zaidi ao nafasi ya kuongoza, hakuwa na njia nyingine ila mlango. Verckys naye alitoka OK Jazz kabla yake, akaunda orkestra yake Vévé. Basi nyumba yenye baba mmoja tu inazaa watoto wa kuhama.

Hata hivyo kuhama kuna bei, na si anayehama peke yake anayelipa. Wanaobaki ndio wanaogawanya tena sauti na kumfundisha mgeni nyimbo za zamani. Franco mwenyewe hakufunga mlango: mwaka wa 1982 wawili hao walitoa pamoja « Coopération ». Huo ni ukubwa, wa pande zote mbili.

4. Kwa sisi

Katika kikundi cha kuimba ninachoongoza shuleni, kuko kijana mwenye sauti ya ajabu. Anakosa mazoezi mara mbili kwa tatu. Wenzake walitaka nimfukuze. Nilikaribia kufanya hivyo, na bado sijui kama nilifanya vizuri kumwacha. Lakini sehemu yake nimeifundisha wengine wawili. Na siku ya sherehe, nilimtaja kwanza mbele ya wazazi yule msichana anayetunga nyimbo zetu, asiyekosa hata siku moja na ambaye hakuna anayempigia makofi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tumpende njiwa, na maji tumwagilie mti.